Kocha anataka nirudufu dozi, na mke wangu hajui lolote

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 32, naishi Majengo, Moshi. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli ya wageni wanaopanda mlima. Wiki moja naingia mchana, wiki inayofuata usiku. Nimeoa, huu ni mwezi wa kumi na sita, na hatujapata mtoto. Krismasi tulipopanda Kibosho, mama mdogo alimwekea mke wangu mkono tumboni mbele ya watu akauliza, "Hapa bado tu?" Mke wangu alicheka. Usiku alilia, nikakosa hata la kumwambia.

Mwaka wa pili sasa nanyanyua vyuma. Nilimweleza kocha wetu wa jimu shida yangu, akasema homoni zangu zitakuwa chini na dawa yake ni asidi amino, vile vipande vinavyounda protini. Ameniuzia vitu vitatu. Kuna vidonge vya arginini na laisini, gramu moja kila kimoja, nameza kumi kabla ya kulala ili "kuamsha homoni ya ukuaji". Kuna unga wa BCAA, mchanganyiko wa asidi amino tatu, nakunywa mazoezini. Cha tatu ni asidi ya D-aspatiki ya kupandisha homoni ya kiume, gramu tatu kila asubuhi. Hicho hakina kopo, alinipimia kutoka kwenye ndoo kubwa akanitilia kwenye mfuko wa nailoni. Vyote kwa pamoja ni shilingi 300,000 na vinaisha kwa wiki sita. Nimeshanunua mara mbili.

Tangu nifike vidonge kumi tumbo linanguruma na naharisha karibu kila asubuhi. Kocha anasema ni mwili unajisafisha.

Wiki iliyopita nilienda kupima testosteroni, ndiyo hiyo homoni ya kiume, kwenye maabara moja ya mjini. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikalala kidogo, nikala chipsi mayai na soda, nikafika maabara saa tisa na nusu alasiri. Karatasi inasoma 2.7, na pembeni imeandikwa kawaida ni 2.8 hadi 8. Nilipomwonyesha kocha akasema, "Umeona? Rudufu." Anataka nifike gramu sita za D-aspatiki kwa siku na niongeze kopo la pili la BCAA.

Hela ninayotumia ni ya kibubu. Tulikianzisha mimi na mke wangu ili yeye akapimwe, maana kwetu kila mtu anaamini tatizo ni lake. Yeye anauza nguo soko la Memorial na kila jioni anatumbukiza chake. Hajui kibubu kimebaki na nini, wala hajui habari ya karatasi. Nirudufu au niache?

Mnyanyua Vyuma wa Majengo

Nimesahau jambo moja. Baba yangu alilazwa miezi michache iliyopita kwa mshtuko wa moyo, na sasa anatumia dawa za presha. Kocha alisema arginini inafungua mishipa, kwa hiyo Krismasi nilimpelekea kopo moja. Anasema anaendelea nalo vizuri.

*

Marahaba mwanangu.

Umemweka baba mwishoni, mimi namweka mwanzoni. Kabla hujaendelea kusoma, mpigie simu umwambie aache vile vidonge leo. Dawa alizopewa hospitali aendelee nazo kama alivyoandikiwa, aache arginini tu. Kocha hakusema uongo kwamba arginini hulegeza mishipa, kwa sababu mwili huitumia kutengenezea nitriki oksaidi, na nitriki oksaidi ndiyo inayotanua mishipa ya damu. Lakini mwaka 2006 yalitolewa Marekani matokeo ya utafiti wa wagonjwa 153 waliokuwa wametoka kupata mshtuko wa moyo. Wengine walipewa arginini, wengine vidonge visivyo na kitu ndani. Wa arginini walikufa sita, upande wa pili hakufa hata mmoja, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Sita ni wachache, na hakuna anayeweza kuapa kwamba ni arginini iliyowaua. Hata hivyo watafiti walishauri kwamba mtu aliyetoka kupata mshtuko wa moyo asipewe. Na mtu aliye kwenye dawa za presha, arginini inaweza kumshusha presha kuliko daktari alivyopanga. Siku ya kliniki baba aende na kopo mkononi, daktari alisome. Najua ulimpelekea kwa upendo. Mwambie hivyo hivyo.

Sasa wewe. Usirudufu. Na zaidi ya kutorudufu, ule mfuko wa nailoni usiuguse tena.

Nianze na D-aspatiki yenyewe, maana ndiyo unayotaka kuiongeza. Imo mwilini mwako tayari, kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo na kwenye korodani, na inashiriki katika kazi ya kutengeneza testosteroni. Sifa zake zilianza mwaka 2009, pale watafiti wa Italia walipowapa wanaume 23 gramu tatu na kidogo kwa siku 12, na testosteroni ikapanda kwa asilimia 42. Hiyo ndiyo habari inayoandikwa kwenye makopo, na ni habari ya kweli. Kocha wako bila shaka aliisoma hapo akaishia hapo.

Baada yake zikaja nyingine. Mwaka 2013, Marekani, wanaume wanaonyanyua vyuma kama wewe walipewa gramu tatu kwa siku 28, na testosteroni haikusogea. Mwaka 2015 Waaustralia wakawachukua wanaume wazoefu wa vyuma, wengine wakawapa gramu tatu, wengine gramu sita. Wa gramu tatu hawakubadilika. Wa gramu sita, ndani ya wiki mbili, testosteroni yao ilishuka kwa asilimia 12 na nusu. Watafiti hao walipojaribu tena gramu sita kwa miezi mitatu, haikupanda wala haikushuka. Kwa hiyo dozi unayosukumwa uifikie, kwa mtu wa aina yako hasa, haijaonekana kumpandisha, na kuna mara imeonekana kumshusha. Nimekaa dirisha la dawa hapa Arusha miaka mingi, na naweza kukwambia kwamba dawa isiyofanya kazi kwa gramu tatu mara nyingi huwa haingoji gramu sita ndipo ianze. Kinachoanza kwa gramu sita ni madhara.

Kwa nini mwili unakataa? Wewe ni mtu wa Kibosho, unaijua mifereji ya maji inayotoka mlimani, na unajua kwamba kuna mtu anayegawa zamu. Homoni ya kiume inagawiwa vivyo hivyo. Ubongo unaiagiza pituitari, pituitari inatuma homoni inayoitwa LH, LH inakwenda kuziambia korodani zitengeneze testosteroni, na testosteroni ikishatosha inarudi juu kumwambia mgawaji kwamba shamba limelowa, funga. Mtu mzima mwenye afya ana mgawaji aliye macho. Ukimwaga kitu cha kusukuma kutoka juu, yeye anapunguza kutoka kwake.

Kuhusu mfuko. Hapa ndipo nilipoweka barua yako mezani nikanyanyuka kwanza. Mwanangu, unameza unga uliopimwa kutoka kwenye ndoo ambayo hujaona hata lebo yake! Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13, majibu yakatolewa mwaka 2004. Katika hivyo, 94 vilikuwa na vitu vya jamii ya homoni za kiume ambavyo lebo haikuvitaja. Hayo yalikuwa makopo yenye lebo, yaliyofungwa kiwandani. Sisemi kocha wako amechanganya kitu. Nasema huna njia ya kujua, na huenda yeye mwenyewe hajui.

Na kwako wewe hili lina uzito kuliko kwa mwenzako wa jimu anayetafuta kifua tu. Homoni ya kiume inayoingia kutoka nje, iwe ya kidonge, ya unga au ya sindano, mgawaji anaiona, anafunga mfereji. LH inashuka, korodani zinalala, zinaweza hata kusinyaa, na mbegu za kiume zinapungua, kwa wengine mpaka zisionekane kabisa. Mwanaume anapata misuli na kupoteza uzazi kwa wakati mmoja, na kupona huchukua miezi. Kwa hiyo nakuomba jambo hili kwa mkazo wote nilionao: kesho keshokutwa mtu akikwambia vidonge vimeshindwa, twende sindano ya testosteroni, kataa. Mwanaume anayetafuta mtoto hapewi testosteroni. Hata mwenye upungufu wa kweli hutafutiwa njia nyingine kwanza.

Turudi kwenye ile 2.7 iliyokutisha. Siiamini, na sababu umeniandikia wewe mwenyewe. Testosteroni iko juu asubuhi na inateremka kadiri siku inavyokwenda. Kwa wanaume wa umri wako, damu ya saa kumi jioni husoma pungufu kwa asilimia 20 hadi 25 ukilinganisha na ya asubuhi. Wewe ulipima saa tisa na nusu. Halafu ulikuwa umekula chipsi na soda, na sukari nyingi peke yake inaweza kuishusha kwa muda. Halafu ulikuwa umetoka zamu ya usiku na umelala kidogo. Mwaka 2011 huko Chicago vijana wenye afya waliachwa walale kwa muda wa saa tano tu kila usiku, wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Yote matatu ulikuwa nayo siku moja. Mtu aliyepimwa hivyo akapata 2.7 anaweza kabisa kuwa mzima.

Kipimo kinarudiwa asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, kabla ya kula, katika wiki ya zamu ya mchana ukiwa umeshalala vizuri siku nne tano. Kinapimwa asubuhi mbili tofauti, si moja. Na omba wapime LH pamoja nayo, na FSH, homoni nyingine ya pituitari inayohusika na kutengeneza mbegu. LH ndiyo itakayotuonyesha kama kuna homoni ya nje iliyokuwa inaingia, kwa sababu mgawaji akifunga, LH hushuka. Nenda hospitali ya Mawenzi, na wakiona haja watakupa rufaa KCMC, ambako wana idara ya mfumo wa mkojo na uzazi wa kiume. Wapelekee mfuko na makopo yote. Usione haya kumwambia daktari ulichomeza, amesikia makubwa kuliko hayo.

Vile vidonge kumi vya usiku vinanipa shida ya kueleza, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Arginini kweli huamsha homoni ya ukuaji. Hospitalini wanapotaka kujua kama pituitari ya mtu inaitoa vizuri, humtundikia dripu ya arginini, kwa mtu mzima hadi gramu 30 kwa nusu saa, kisha hupima damu kila baada ya muda. Arginini hulegeza breki ambayo ubongo huifungia homoni hiyo. Lakini ile ni dripu. Ya kumeza hupita kwanza kwenye utumbo na ini, na sehemu kubwa huvunjwa huko kabla haijafika inakotakiwa. Mwaka 1993 wajenga misuli wa Afrika Kusini walipewa vidonge vya dukani vya arginini na laisini, na homoni ya ukuaji haikupanda. Dozi kubwa zaidi, kati ya gramu tano na tisa, huipandisha kidogo mtu akiwa amepumzika. Gramu 13 hazikuongeza kitu ila kuharisha. Na wewe uko kwenye kumi, ukichanganya na laisini. Hakuna usafi wowote unaofanyika tumboni mwako. Asidi amino ikijaa kwenye utumbo huvuta maji, na maji yakivutwa mtu anaharisha.

Kuna kitu kwenye hesabu hizo ambacho nadhani kitakushangaza. Mazoezi peke yake hupandisha homoni ya ukuaji kwa asilimia 300 hadi 500. Mtu akimeza arginini kisha akafanya mazoezi, mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha ongezeko linabaki kwenye asilimia 200 hivi. Yaani vyuma unavyonyanyua bure vinafanya kazi kuliko kopo, na kopo linaweza kuvipunguzia.

Na hata ikipanda, inapanda kwa saa moja hivi kisha inashuka. Mtu akifungua mfereji kwa robo saa nje ya zamu, je, migomba imelowa? Misuli haijengwi na kilele cha saa moja kwenye damu. Homoni ya ukuaji hutoka kwa vishindo, na kishindo kikubwa cha siku hutoka usiku, mtu anapoingia kwenye usingizi mzito wa mwanzo. Wewe unameza vidonge vya kuiamsha wakati zamu zako zinakunyima ule usingizi wenyewe. Zungumza na meneja wako. Badala ya kubadilisha kila wiki, muulize kama mnaweza kukaa kwenye zamu ile ile mwezi mzima. Wiki ya usiku, ukirudi nyumbani, ziba dirisha kwa kitenge kizito, simu iache sebuleni, lala kwa muda wa saa saba kamili hata kama jirani anatwanga.

BCAA sitaisemea sana. Protini ni uzi wa shanga, na shanga zake, yaani asidi amino, ni za aina 20, ambazo tisa kati yake mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima uzile. BCAA ni tatu tu katika hizo tisa. Moja yake, lusini, huchochea insulini kidogo na kuuambia msuli uanze kujenga. Lakini msuli utajenga na nini kama shanga nyingine hazipo? Kwa testosteroni yako sioni itakachosaidia. Mtu wa kilo 75 anayenyanyua vyuma, protini gramu 120 kwa siku zinamtosha. Yai moja lina gramu sita, glasi ya maziwa nane, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, na dagaa wakavu wana protini kuliko nyama kwa uzito ule ule. Kiburu cha maharage na mtori wenye nyama, alivyokulea navyo mama yako, vina shanga zote 20. Mimi hapa Arusha, soko la Kilombero, nanunua trei ya mayai kwa shilingi 11,000. Ile 300,000 yako ni trei 27, mayai zaidi ya 800. Nimeandika hesabu hiyo mara mbili kuhakikisha.

Sasa la nyumbani, ambalo ndilo uliloliandika kwa maneno machache kuliko yote.

Mkeo anabeba lawama ambayo hakuna aliyeipima. Katika ndoa zinazochelewa kupata mtoto, karibu nusu, upande wa mwanaume una mchango, peke yake au pamoja na wa mke. Nanyi mmeshavuka miezi kumi na miwili, huo ndio muda ambao madaktari husema wote wawili mpimwe. Wote wawili, na kwa pamoja. Kipimo chako cha kwanza ni cha manii. Ni rahisi kuliko vipimo vyake, hakina sindano, unatakiwa tu uwe umekaa siku mbili hadi saba bila tendo. Ujue pia kwamba mbegu ya kiume huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo majibu ya mwezi huu yataonyesha pia ulichokuwa unameza miezi miwili iliyopita. Yakiwa mabaya, msikate tamaa, rudieni baada ya miezi mitatu ya kuacha.

Lakini kabla ya Mawenzi, mwonyeshe karatasi. Usiku wa leo kama hauko zamu. Mwambie ulipima peke yako kwa sababu uliogopa, mwambie kibubu kimebaki na nini, na kwamba umechukua 600,000. Atakasirika, na ana haki, kila jioni alikuwa anatumbukiza jasho la Memorial akidhani liko salama. Muache akasirike. Usimkatize kwa kujieleza, na usianze na kocha. Halafu mweleze utakirudishaje, mwezi kwa mwezi, kwa kiasi unachokiweza kweli. Nionavyo, mwanamke aliyelia peke yake usiku ule wa Krismasi ataumizwa na hela, lakini ataona nafuu kusikia kwamba na wewe umekuwa ukihangaika na jambo hilo hilo.

Na mama mdogo ni wa kwako, si wa mkeo. Mpigie wewe. Mwambie kwa heshima kwamba mnapimwa wawili, na kwamba tumbo la mke wako lisiguswe tena mbele ya watu.

Kwa kocha usiende na ugomvi. Mwambie umesimama kwa ushauri wa daktari, kisha umwombe akuonyeshe lebo ya ile ndoo. Ukiipata, ipige picha umpelekee daktari. Asipokuonyesha, mwambie daktari hilo nalo.

Niandikie baba amesema nini. Na ukipata karatasi ya pili, ile ya asubuhi, niandikie tena, safari hii mkiwa mmeisoma wote wawili.

Shangazi